Pokuaa na Taa Zilizodanganya Rangi

— Toka nje kidogo, mwanangu. Humu ndani siongei.

Aliyesema ni Bibi Dufie, mteja wa miaka mingi, na alisema kwa upole ambao ulimtia Pokuaa wasiwasi kuliko kelele. Pokuaa akatoka nyuma ya kaunta, akamfuata mpaka barazani, kwenye jua la saa nne la mtaa wa maduka wa Adum. Pale Bibi Dufie akafungua mfuko, akatoa vipande viwili vya kitambaa cha msiba na kuvitandaza juu ya ukuta wa baraza.

— Unaona nini?

Pokuaa aliinama kuviangalia. Dukani vilikuwa vyeusi vyote. Juani kimoja kilikuwa cheusi, na cha pili kilikuwa buluu ya wino.

— Naona rangi mbili, Bibi.

— Na sisi tuliziona Jumamosi. Mbele ya watu wote.

Akamweleza yaliyotokea. Walikuwa wanamzika mama yao, na ukoo mzima ulishonesha kitambaa kimoja, kutoka duka hilihili. Chini ya turubai hakuna aliyegundua kitu. Lakini walipotoka kwenda kuzunguka na kuwapa wageni mkono, jua likawaumbua. Nusu ya ukoo weusi, nusu buluu. Haukupita muda minong'ono ikaanza: kumbe wamegombania nyumba ya marehemu, kumbe kila upande umeshona kivyake. Kaka yake aliyetoka Obuasi alikasirika, akaondoka kabla ya chakula.

— Tumemzika mama mmoja kama vile sisi ni koo mbili, — alisema Bibi Dufie. — Mpaka leo napigiwa simu naulizwa nani kagombana na nani.

Pokuaa aliomba radhi mpaka neno pole likaisha ladha mdomoni. Akataka kurudisha hela yote. Bibi Dufie akakataa, akasema hela haitazuia midomo ya watu, kisha akakunja vitambaa vyake na kwenda zake.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Birago, dada mkubwa wa marehemu mama yake Pokuaa, na alikuwa amesikia kila kitu. Duka lile lilikuwa la wanawake wa ukoo wao. Bibi yake Pokuaa alimwachia Mama Birago, na Mama Birago alikuwa amemkabidhi Pokuaa alishike, amwangalie kwanza kabla ya kumwachia moja kwa moja. Akishindwa, yupo binamu yake Akyaa kule Tema, ambaye angepanda basi la kwanza kabla hata hajaitwa.

— Ni hizo taa, — alisema Mama Birago. — Taa za yule kijana wako.

Kijana mwenyewe alikuwa Amoateng, fundi umeme mwenye kibanda chake na maneno machache. Alikuwa amempenda Pokuaa kwa mwaka wa pili sasa, na wazee wake walikuwa wamekwisha kupanga Jumapili ya kuja kubisha hodi kwa kina Pokuaa, na chupa zao mbili za pombe kali kama desturi inavyotaka.

Habari ya taa ilianza hivi. Duka liko katikati ya jengo, halina dirisha hata la kupitisha paka, hivyo taa zinawaka tangu asubuhi hadi kufunga. Zilikuwa zile taa ndefu za zamani zenye kuvuma, pamoja na vitaa vidogo vya kumulika majora, vyenye joto la jiko. Joto likiwaka, feni nazo ziwake. Uniti za umeme zilikuwa zinayeyuka, na karibu theluthi ya faida ya Pokuaa ilikuwa inaingia kwenye mita.

Amoateng akamshauri aweke taa za LED. Alimletea mbili za kujaribu, akaziwasha moja baada ya nyingine juu ya kitambaa chekundu.

— Hii ya kwanza bei yake karibu mara tatu ya mwenzake, — alimwambia. — Lakini angalia, nyekundu inabaki nyekundu. Kwa utakachookoa kwenye umeme, itakuwa imejilipa baada ya miezi minane.

— Na hii nyingine?

— Miezi mitatu tu. Inaokoa umeme vilevile. Ila ina ubuluu, inachanganya rangi. Ni nzuri kwa stoo au ofisi. Kwa vitambaa, mimi nisingeiweka.

Pokuaa akachagua ya rahisi. Si ubahili. Ile hela iliyobaki alikuwa na kazi nayo: kushona nguo za uchumba na kulipia viti na turubai.

— Mimi nataka kuolewa kabla ya Pasaka, — alimwambia, huku akimpangusa vumbi la dari begani. — Hiyo miezi minane ya taa yako nitaisubiri nikiwa nani?

Amoateng alicheka, akakubali. Mapenzi yanajua kumfunga fundi mdomo. Wiki mbili baadaye Bibi Dufie akaja na agizo kubwa la msiba, jora moja halikutosha, Pokuaa akachukua jingine kwa mfanyabiashara wa jirani, akayalinganisha chini ya zile taa zake mpya. Yalifanana kama mapacha.

Sasa Mama Birago alimpigia Amoateng simu mwenyewe. Kijana akaja mbio, shati likiwa limelowa jasho.

— Wewe ndiye uliyefunga hizi taa?

— Ndiyo, Mama.

— Ulijua kwamba zinabadilisha rangi ya nguo?

Amoateng alimtazama Pokuaa, mara moja tu, kisha akatazama chini.

— Nilijua, Mama. Kosa ni langu.

Pokuaa alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno Mama Birago alikuwa ameshaendelea. Zitolewe zote, zirudishwe zile za zamani. Na wazee wa Amoateng waje Jumapili ya wiki ijayo kama walivyopanga, kwa sababu yeye si mtu wa kuwafukuza wazee kwa simu. Atawapa maji, atawasikiliza, halafu atawarudishia chupa zao.

Alasiri ile Amoateng alipanda ngazi kushusha taa. Pokuaa aliishika ngazi kwa chini, machozi yakimlengalenga.

— Kwa nini umesema vile?

— Nishikie hii bisibisi.

— Amoateng. Kwa nini?

— Kwa sababu mimi akinichukia, nitarudi. Nitabisha hodi mara ya pili, ya tatu, mpaka achoke. Wewe akisema hujui kushika duka, Akyaa yuko hapa kesho. Nani atakurudishia?

— Kwa hiyo nikae kimya uchukiwe wewe?

— Kaa kimya ule mkate wako. Na majora uliyalinganisha peke yako?

Pokuaa akainamisha kichwa.

— Mama Birago alikuwepo. Aliyashika akasema yanalingana, niyakate.

Amoateng aliacha kufungua, akakaa juu ya ngazi kama mtu aliyesahau alichopandia.

— Basi ndiyo kabisa usiseme, — alisema taratibu. — Usije ukamwaibisha mama yako kwa ajili yangu. Mtu mzima akiaibishwa hasahau.

Usiku ule Amoateng alimtumia ujumbe: "Umekula?"

Akamjibu: "Sina hamu."

"Kula, mpenzi. Mimi nikataliwe na wewe ukonde, hiyo itakuwa hasara mbili."

Pokuaa alicheka peke yake kitandani, halafu akalia. Alimpenda yule mwanamume mpaka akajichukia.

Ikaanza wiki ngumu. Mama Birago alihamia dukani kumwangalia, akaketi kwenye kiti cha kaunta chini ya zile taa zake za zamani. Joto likarudi. Feni zikarudi kuzunguka mchana kutwa, na mama mtu mzima akawa anajipepea kwa kipande cha boksi, jasho likimtiririka mpaka kwenye mkunjo wa kitambaa chake. Uniti alizonunua mwenyewe Jumatatu, akisema zitatosha wiki mbili, Alhamisi mita ilikuwa inalia. Aliiangalia ile mita kwa jicho baya, akatoa noti nyingine za sedi kwenye pochi.  

Jioni moja Pokuaa alibeba kitambaa kingine cheusi mpaka kwa Bibi Dufie, cha kumbukumbu ya mwaka wa marehemu, bila malipo. Mchana alikuwa amelitandaza jora zima pale barazani juani, akalikagua upande hadi upande. Bibi Dufie alikipokea, akasema ataona. Kisha akauliza kama ni kweli yule fundi aliyekosea anakataliwa Jumapili.

— Ndiyo, Bibi.

— Masikini. Anaonekana kijana mzuri.

Pokuaa alirudi nyumbani akiwa na hilo neno masikini masikioni, na hakulala vizuri tena.

Jumapili wazee wakafika. Mjomba yake Amoateng, mnene na mcheshi, aliweka chupa mbili mezani, akaeleza kwamba walikuwa wanapita njia, wameona ua zuri ndani ya nyumba hii, na wameomba ruhusa ya kulichuma. Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Amoateng alikaa pembeni, amejitanda kitambaa chake kizuri cha sherehe, mikono magotini, kama mtu anayesubiri sindano.

Mama Birago alimnong'oneza kaka yake, Mjomba Gyambibi, aliyekuwa msemaji wa nyumba. Mjomba akatikisa kichwa.

— Chupa zitarudi kama unavyotaka, dada. Lakini sirudishi chupa kabla ya kumuuliza binti. Hiyo si desturi yetu. Pokuaa, njoo.

Pokuaa akaja, akasimama katikati.

— Watu hawa wameleta vinywaji kwa ajili yako. Nauliza kwa mara ya kwanza: tupokee?

Pokuaa aliinua macho. Alimwona Amoateng akimtikisia kichwa, taratibu sana, kama anayemkataza mtoto asivuke barabara.

— Nauliza kwa mara ya pili: tupokee?

— Mjomba, kabla sijajibu nina neno.

— Mwali hana neno hapa zaidi ya ndiyo au hapana.

— Basi nitakuwa nimevunja desturi, mnisamehe. — Akamgeukia Mama Birago. — Zile taa nilizichagua mimi. Amoateng aliniambia zitaharibu rangi. Alinionyesha na nzuri, ila ghali, nikakataa kwa sababu nilitaka hela ibaki ya harusi. Ndiyo, nilikuwa na haraka ya kuolewa, cheka anayetaka kucheka. Na majora sikuyatoa nje juani kuyakagua. Fundi hakukosa chochote. Alijibebesha ili mimi nisinyang'anywe duka, na mimi nikamwacha abebe. Mama, kama duka utampa Akyaa, mpe. Ila mtu huyu usimrudishe kwa kosa langu.

Hakumtaja Mama Birago kwa lile la kulinganisha majora. Alisimama pale akiwa amemaliza, machozi yakimshuka mashavuni bila kuyafuta. 

Mama Birago alikuwa anatazama chupa. 

— Amoateng, — alisema hatimaye. — Alikuambia ni nani mwingine aliyeyashika yale majora?

Kijana akababaika.

— Mama, mimi ni mtu wa umeme tu. Mambo ya vitambaa siyajui.

— Nakuuliza alikuambia au hakukuambia.

— Aliniambia, Mama.

— Na wote wawili mmekaa kimya mbele ya watu, mnanilindia heshima. — Mama Birago akageuka, akawatazama wazee wa pande zote mbili. — Ni mimi. Nimeuza vitambaa tangu Pokuaa hajazaliwa, na mama yangu alinifundisha kila jora litoke mpaka mlangoni kwanza. Siku ile nilichoka, nikayashika palepale chini ya taa, nikasema yanalingana, kata. Bibi Dufie alipokuja nikaona aibu, nikatafuta mtu wa kumtwisha. Huyu kijana alikuwa karibu.

Mjomba mnene wa upande wa pili akafungua mdomo kutania, akaona uso wa mama, akaufunga.

— Kesho nitakwenda mwenyewe kwa Bibi Dufie, — aliendelea. — Nitasema mbele ya ndugu zake kwamba hawakugombana, ni duka langu lililowavisha vibaya. Duka linabaki kwa Pokuaa. Mtu anayeweza kusema alichosema leo anaweza kushika funguo zangu. Na wewe fundi, hizo taa zako ghali, ulisema zinajilipa baada ya muda gani?

— Miezi minane, Mama. Baada ya hapo unachookoa ni chako. Na feni zitapumzika.

— Zifunge. Nitazilipia mimi, hela ya harusi yao isiguswe. Ile mita imenila wiki hii mpaka nimeona haya. Gyambibi, unangoja nini? Uliza.

Mjomba Gyambibi akajikohoza, akajiweka sawa.

— Pokuaa, binti yetu. Kwa mara ya tatu: tupokee?

— Pokeeni.

— Lakini desturi ni mara tatu, — alisema mjomba mnene, akishindwa kujizuia. — Binti ameulizwa mara tatu na sisi tumejibiwa mara moja. Hapo si tumepunjwa?

Nyumba nzima ikacheka, safari hii kwa nguvu. Pokuaa akafuta machozi kwa kiganja, akamtazama Amoateng, ambaye alikuwa anacheka na kulia vyote pamoja na wala hajali nani anamwona.

— Basi pokeeni, — alisema Pokuaa. — Pokeeni, wajomba zangu. Jamani, pokeeni.

Mama Birago hakusubiri msemaji. Aliivuta chupa ya kwanza, akaifungua kwa mkono wake.