Peja Ndani ya Kiatu

Tumu binti Aidarus alikuwa amefunikwa shuka hadi kidevuni Inspekta Nasipwondi alipoingia katika zahanati ya uzazi, mtaa wa Kibokoni, saa tisa na nusu mchana wa Ijumaa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Damu ilikuwa imepenya godoro na kufika sakafuni. Chumba cha pili mtoto wake, aliyekuwa na saa tatu tu duniani, alikuwa akilia kwa nguvu zake zote.

Nesi Mercy alikuwa bado na damu hadi viwikoni. Alieleza kwamba mgonjwa alijifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama. Kwa mkono mmoja alimkandamiza tumbo, kwa wa pili akaipigia simu kampuni ya peja, vile vidude vinavyolia mfukoni na kuonyesha ujumbe, impelekee ujumbe Daktari Zein, mpasuaji wao wa pekee. Alipiga mara mbili. Mara zote aliambiwa ujumbe umekwenda. Saa nane na dakika kumi Tumu alikata roho.

"Daktari alikuwa kwenye swala ya Ijumaa," alisema Inspekta. "Kwa nini hukutuma mtu msikitini?"

"Nani, afande? Nilikuwa peke yangu. Na msikiti gani? Hapa misikiti iko kila kona."

Baba wa marehemu alisimama ukumbini na kanzu yake ya Ijumaa. Asubuhi alimleta binti yake, wanawake wakamwambia haya si mambo ya wanaume, aende zake. Sasa alifuatana na Inspekta hadi kituoni kuandikisha malalamiko. Mzee Aidarus husoma Kurani na barua za hati ya Kiarabu, lakini herufi za Kizungu hazijui, kwa hiyo aliweka kidole gumba.

"Waliita, hakuja," alisema. "Mfunge."

Nasipwondi alimwapia kwamba aliyesababisha kifo hicho atafungwa, awe nani. Ulimi hauna mfupa.

Daktari Zein alilala korokoroni. Alishikilia kwamba peja yake haikulia, na kweli haikuwa na ujumbe hata mmoja. Mwendesha mashtaka alifurahi: daktari amefuta ushahidi, Jumatatu mahakamani.

Jumamosi alikuja fundi wa kampuni ya peja, kijana mtaratibu aitwaye Jeremy, na karatasi iliyochapwa na kompyuta yao. Jumbe zote mbili zilikuwamo, na saa zake.

"Kompyuta inapokea maneno, inayarusha hewani mara moja," alisema. "Peja ikiwa imezimika, yamepotea."

"Na nyinyi hamjui kama yamefika?"

"Hatujui, afande. Peja haijibu."

Inspekta alikasirika. Chombo gani hiki, kinamwita mtu kisha hakingoji kuitikiwa? Jeremy alifungua kifuniko cha nyuma cha peja ya daktari, akachungulia.

"Betri imewekwa kinyume. Mwenye peja hawezi kukosea hivi. Na betri ikitolewa, hizi za aina hii hufuta kila kitu."

Sajini Levi wa alama za vidole alinyunyiza unga wake. Juu ya betri palikuwa na alama ya dole gumba moja, safi kabisa. Halikuwa la daktari wala la nesi.

Nasipwondi alirudi korokoroni.

"Wakati wa swala peja ilikuwa wapi?"

"Ndani ya kiatu changu, mlangoni. Iliwahi kulia ndani ya msikiti, wazee wakanikanya."

"Viatu vinalindwa na nani?"

Daktari aliinamisha kichwa.

"Afande, mzee yule ameshazika. Mwache."

Inspekta alipanda ofisini taratibu. Juu ya meza lilikuwa faili la malalamiko, na chini ya ukurasa alama ya wino wa buluu. Alimwita Levi. Levi aliinama na lenzi yake, akatazama huku, akatazama kule.

"Ndilo hili hili," alisema.

Nasipwondi alitamani Levi awe amekosea. Jumapili, baada ya hitima, Mzee Aidarus alifika kituoni akitarajia habari njema.

"Mzee, msikitini una kazi gani?"

"Mlinzi wa viatu. Huu mwaka wa kumi na tisa."

"Kiatu cha daktari kilikuwa na kitu ndani?"

"Kidude chake. Chaanza kulia, na hutuba yasomwa. Watu wageuza shingo. Wakati ule hata kumwambia mwenzio nyamaza ni makosa, mwanangu. Yeye yuko safu ya mbele, ningemwitaje?"

"Ukafanyaje?"

"Nalimuona siku moja akitoa betri. Nikaitoa. Watu walipoanza kutoka nikairejesha upesi."

"Ulijua ni cha nini?"

"Nalidhani ni saa."

Hayo ndiyo maungamo, na nia yake ilikuwa adabu tu. Inspekta alimweleza polepole, hatua kwa hatua, jinsi betri ile ilivyomfanya daktari asipate wito, na kwamba daktari angeachiliwa. Mzee aliitazama ile karatasi ya kompyuta.

"Yanenani?"

Angeweza kudanganya, mzee asingejua. Lakini alimsomea.

"Daktari Zein. Tumu Aidarus anavuja damu. Njoo sasa. Mercy."

Mzee aliomba asomewe tena. Akasomewa.

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa saba kasoro dakika nane."

"Nami nimekishika mkononi," alisema. Akanyoosha mikono yake miwili mezani, viganja juu. "Haya, nifunge."

"Hakuna kosa la kukushitaki, mzee."

"Uliniapia."

Katika sheria zote alizosomea Nasipwondi hapakuwa na kifungu cha kumfunga mtu huyu, wala cha kumsaidia. Levi alileta maelezo mapya ya mzee na kidau cha wino. Mzee alitoa kidole gumba kabla hajaambiwa. Inspekta alimshika mkono, akauongoza hadi karatasini.