Chupa ya Kumi na Saba

Bisha. Bisha sasa hivi, mapema, usije ukajifanya unakubali halafu ukakimbia nikikuonyesha mkono. Darasa la sita liliniona mgongo, lakini hili ninalolijua hakuna profesa analijua.

Generosa alikuwa mpimaji wa damu kwenye maabara moja ya mtu binafsi, Kasulu. Kila Alhamisi dereva wa bodaboda, kijana mtanashati, Kibondo nzima hana mpinzani, alimletea chupa za damu ndani ya boksi la barafu. Humo Generosa alisaka chembe changa zinazoziba mishipa iliyochanika. Aliziita mafundi.

Siku hiyo chupa kumi na sita zilikuwa baridi. Ya kumi na saba ilikuwa vuguvugu kama mkojo.

"We, hii umeikalia?"

"Dada Jene, mimi nakalia pikipiki tu."

Akatia tone kwenye kioo, akainamia hadubini. Mafundi walijaa kama siafu. Wakashikana, wakajenga mshipa, na mshipa ukaanza kupiga bila moyo. Ikapanda harufu ya maini yaliyosahaulika kwenye mfuko wa plastiki, na kabla hajaziba pua ule mshipa ukachomoza kwenye kioo, mwekundu, mwembamba kama mnyoo, unadondosha ute, ukapapasa meza, ukapapasa glavu yake, ukalipata tundu ambalo hata yeye hakulijua, ukazama kwenye kidole cha shahada huku akiutazama, anataka kupiga kelele na kutapika kwa mpigo mmoja, akaishia kutapika.

"Unapanda," alinong'ona. "Kaka, unapanda!"

Dereva akamfunga kidole kwa mpira, akamkimbiza Heru Juu kwa Bibi Ndayikunda, mtoa majini. Bibi alikinusa kidole, akatema mate.

"Amaraso ya nde? Damu ya nani hii? Jini hili likiitwa kwa jina la mwenye damu, linarudi kwake. Likiitwa vibaya, ni kisu."

"Daftari linasema Nduwayezu, mkulima wa Kibondo," Generosa alisema.

Bibi akaliita jina hilo mara tatu. Kidole kikacheka. Kweli, kilicheka, usaha ukibubujika chini ya kucha. Bibi akamgeukia dereva.

"Wewe uliyeibeba, mwenye damu ni Nduwayezu?"

"Ndiye, Bibi."

Kisu kikapita. Kidole kikaanguka kwenye majivu, kikajikunja kama funza. Generosa yu hai, anaandika ripoti kwa vidole tisa.

Haya, kuna sehemu niliiruka. Dereva ni mimi. Boksi lilianguka njiani, chupa ya kumi na saba ikapasuka, ikanikata kiganja. Kando ya barabara wazee walikuwa wametoka kumwekea mzimu wao chungu cha damu ya mbuzi. Ilikuwa juani na haikuganda. Nikachota kwa mkono uleule uliokatika, nikajaza chupa nyingine tupu, nikabandika namba. Na jina la mzimu nililisikia walipoliita. Kwa Bibi nililimeza, nisichekwe kwamba niliangusha boksi.

Kiganja kilipona siku ileile, hata kovu hakina. Gusa hapa. Kinapiga, si ndiyo? Sasa weka mkono mwingine kifuani pangu.

Havipigi pamoja.