Wasiwasi wa Rozalia

"Na likidondoka majini?"

"Halidondoki, dada."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tutalifunika."

Ufukwe wa Kibirizi asubuhi ile ulifurika watu, dagaa walioanikwa na makelele ya wapakiaji, lakini Rozalia aliona kitu kimoja tu: furushi la sare za shule alizoshona kwa ajili ya kijiji kimoja kaskazini mwa ziwa. Nahodha alishachoka na maswali yake. Ndipo kijana mmoja aliyeinamia injini ya boti, grisi imempanda mpaka viwikoni, akainua kichwa.

"Nahodha, mpe dada nafasi asafiri na furushi lake. Naona ndiye mtoto wake wa kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Rozalia alikuwa katika gauni la kitenge cha manjano, kazi ya mikono yake mwenyewe, nalo lilimkaa hasa. Alijua pia kwamba kununa kunampendeza. Akanuna.

"We fundi, shughulika na injini yako."

"Si ndiyo inayopeleka furushi lako? Nipe namba, likifika nikupigie."

Akampa. Kwa ajili ya furushi tu, alijiambia, na wala hakuyaamini maneno yake.

Furushi lilifika salama, simu hazikukoma. Fundi aliitwa Telesphory, kwao Mwandiga, mtoto pekee wa mama mjane. Jumapili alikuja kumchukua Rozalia kwao Katubuka, shati limepigwa pasi, wakaenda Ujiji kula migebuka ya kuchoma. "Roza wangu, kula, samaki hakimbii tena," alimtania, naye Rozalia akacheka hadi akakohoa. Alimpenda mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maana kazi ya Telesphory ilikuwa kufuata injini zilizoharibika vijijini, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Rozalia naye aliamka na simu mkononi, akasoma habari za ajali kabla hajanawa uso. Alikunywa kahawa chungu kikombe juu ya kikombe huku cherehani ikienda, chakula cha mchana akakisahau, na jioni moyo ukamwenda mbio, viganja vimelowa jasho. Tele, kama alivyomwita, asipopatikana kidogo tu, kichwani mwake alikuwa ameshazama.

Siku moja upepo ulivuma vibaya. Telesphory alisema atarudi asubuhi. Hadi alasiri hakupatikana. Rozalia akampigia mama yake Telesphory, akilia kiasi kwamba maneno hayakukamilika.

"Mama, Tele... ziwani... jamani Tele!"

Kwa Mwandiga hayo yalitosha, kwani msiba hausubiri kadi ya mwaliko. Wanawake wakaja na kuni na unga, wanaume wakafunga turubai uani, maharage yakabandikwa. Telesphory aliposhuka kwenye bodaboda, mzima kabisa, na mkungu wa ndizi begani, alikuta watu mikekani wanamlilia. Mzee mmoja alitimua mbio akaacha kiatu. Mama mtu akaanguka akazimia.

"Umeniua, Roza," Telesphory alisema kwenye simu siku chache baadaye. "Siku hizi naitwa Marehemu. Hilo navumilia. Lakini mama hataki hata kusikia jina lako, na siwezi kuoa mtu ambaye mama yangu hamtaki."

"Niliogopa, mpenzi."

"Najua. Sasa na mimi nakuogopa wewe."

Simu ikakatika. Rozalia alilia mpaka kifua kikambana, akaenda kituo cha afya akiamini anakufa. Muuguzi Frida, mteja wake wa siku nyingi, alimpima na kumpima tena.

"Moyo wako mzima, shoga yangu. Namna unavyoishi ndiyo mbovu. Kahawa unakunywa kiasi gani?"

"Sijawahi kuhesabu."

"Ndiyo maana."

Frida hakumpa kidonge. Kahawa iishie asubuhi. Simu ilale sebuleni, yeye alale chumbani. Ale mchana, atembee jioni, na hofu ikija avute pumzi taratibu, aitoe taratibu zaidi. Isipopungua, arudi.

Mwanzoni kichwa kilimgonga kwa kukosa kahawa, na mara mbili tatu alinyata sebuleni kama mwizi kuchungulia simu. Lakini kila jioni aliteremka kutembea ufukweni, akasalimiana na watu, akarudi na njaa, na njaa ikaleta usingizi. Wasiwasi haukuhama. Ulibisha hodi kila siku, ila haukukaribishwa ndani.

Kisha simu ikaita, na jina likawa la Mama Telesphory.

"Rozalia, mwanangu. Tele alisema atarudi jana. Hapatikani. Nikiwaambia majirani, unajua watakavyofanya."

Moyo ukaruka. Rozalia akavuta pumzi, akaitoa polepole, ndipo akampigia nahodha wa Kibirizi.

"Upepo mkali, dada. Boti zote zimelala huko huko. Hapatikani mtu, siyo yeye peke yake."

Akapanda gari la Mwandiga. Alimwamkia mama kwa Kiha, akipiga makofi kwa heshima, kisha akauliza, "Umekula, mama?"

"Tangu jana sijatia kitu mdomoni."

Rozalia akasonga ugali, akaunga dagaa. Wakala, wakakaa uani kupukuchua maharage.

"Wewe huogopi?" mama aliuliza.

"Naogopa sana. Shika hapa usikie."

Mama akamshika mkono, akasikia mapigo, akatoa macho.

"Yoo! Mwanangu!"

"Basi tuogope tukiwa tumeshiba," alisema Rozalia, na wote wawili wakacheka kwa mara ya kwanza.

Jirani akachungulia uani. "Mama Tele, tulete turubai?"

"Kaanike mihogo yako huko!"

Jioni Rozalia akamshawishi mama watembee hadi barabarani. Walikuwa wamefika njia panda Telesphory aliposhuka kwenye gari, nguo zimechafuka, macho mekundu. Alipowaona pamoja, begi likamponyoka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," alisema mama. "Tunanyoosha miguu."

Telesphory alimtazama Rozalia kama mtu asiyeamini. "Roza. Wiki ijayo naenda tena, mbali zaidi. Utaweza?"

Rozalia alitaka kumwambia asiende. Machozi yalimlenga.

"Nitaogopa, Tele. Halafu nitakula, nitashona, nitalala. Wewe nenda ufanye kazi yako."

Telesphory akamshika mkono pale pale barabarani, mbele ya mama yake. "Basi nikirudi, nakuja Katubuka na mshenga."

"Ukirudi wapi?" mama akadakia. "Mshenga aende kesho asubuhi!"

"Mama, haraka ya nini?"

"Nina wasiwasi," alisema mama, akimvuta Rozalia upande wake. "Huyu tukizubaa atachukuliwa na mwingine."