Mstari Uliobaki Wazi

Fundi wa lifti alikuwa ameandikwa kwamba amekufa, na aliyeligundua hilo ni mchumba wake.

Walikutana siku lifti ya maktaba ya chuo kikuu ilipokwama, wanafunzi wamejazana mlangoni wakimlaumu yeye. Mtunza nyaraka, dada wa sketi ya kijivu na vumbi la makaratasi mikononi, alimwambia anafokewa kama vile yeye ndiye aliyeikwamisha. Kesho yake fundi akapiga simu kuuliza hali ya lifti. Wote wawili walijua si lifti anayoiulizia.

Kazi ya dada ilikuwa kunakili madaftari ya zamani ya mazishi kwenye kompyuta, ili watu waweze kutafuta koo zao. Walipochumbiana, fundi alimwomba amtafutie na ukoo wake. Alimpata siku ya tatu. Jina lake, la baba yake, la mama yake. Umri, miaka miwili. Amezikwa.

Mstari ule hakuunakili, akauacha wazi kwenye kompyuta. Simu za fundi akaacha kuzipokea, maana kila akimtazama alihisi kuna mtoto amesimama nyuma yake. Fundi akaona ameshapinduliwa na mwanamume mwingine. Akaja maktaba na shati jeupe lililopigwa pasi, akauliza huyo mwanamume ni nani.

"Ni wewe," dada akasema, akamfungulia daftari.

Fundi alisoma kwa kidole, mara mbili. Mama yake hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita "baba" tu, naye akadhani ni mapenzi.

Akaenda kumuuliza. Mama hakukana. Wa kwanza alikufa, wa pili akazaliwa, shule ikataka cheti cha kuzaliwa, na kabatini kilikuwepo kimoja, cha yule wa kwanza.

"Jina lile nikilitaja," mama akasema, "anaitika yule wa kwanza."

Fundi alipotea wiki sita. Kisha simu ikalia maktaba.

"Mpenzi, ule mstari bado uko wazi?"

"Bado."

"Mwandike. Ni kaka yangu, asikae nje."

"Na wewe je?"

"Mimi sina jina. Kwenye hayo madaftari yako hakuna la ziada?"

"Yapo tele, Fundi. Njoo uchague. Uje na lile shati."

Walioana. Fundi alipoteza jina aliloitikia tangu darasa la kwanza, vyeti vyake vyote vya ufundi, siku yake ya kuzaliwa, na miaka mitatu ya umri. Mama hakuja harusini. Alisema hawezi kumzika mtoto mmoja mara mbili.