Jiwe la Juu Kabisa

Haya hayakunipata mimi. Mimi ningeyarusha yalikotoka. Yalimpata rafiki yangu Limbert, jitu la mji wa Uyuni lenye mapaja kama magogo, siku alipokuwa akivuka jangwa la milimani kwa baiskeli na binamu yake Nelva.

Pale kileleni mwa njia yao pana lundo la mawe. Kila apitaye huongeza jiwe lake, humwagia Mama Ardhi tone la pombe, ndipo ashuke. Nelva akaweka lake. Limbert, ambaye pedali yake nyekundu ilikuwa imepinda, akang'oa la juu kabisa akaanza kuigonga nalo ili inyooke.

"Lirudishe, we bwege! Unadhani ni nyundo ya baba yako?"

"Mwenye nalo na aje alifuate!" Akacheka, akalivurumisha bondeni.

Walipoanza kushuka, jiwe likamtwanga begani, juu ya mkoba wake wa mgongoni. La pili likampasua sikio. Akageuka: jua kali, changarawe tupu, upepo ukipiga mluzi. Hapakuwa na mtu.

"Nelva, acha utani!"

"Mimi niko mbele yako, mpumbavu! Kanyaga!"

La tatu likamvunja mkono, akaanguka. Mengine yakamshukia pu! pu! pu! mpaka Nelva akamburuta ndani ya kibanda cha wachunga lama. Bati likapondwa juu yao, halafu kimya.

Nelva akafungua mkoba wa mgongoni wa Limbert kutafuta bandeji. Akatoa jiwe lile lile, rangi nyekundu ya pedali ingali juu yake. Ubavuni mwa jiwe hilo kulikuwa na jino lililonasa, mzizi ukivuja damu mbichi.

"Panua mdomo," akanong'ona.

Limbert akapanua. Meno yake yote yalikuwepo. Nelva akageuza macho mlangoni, kuelekea bondeni kule Limbert alikolivurumisha.