Themostati ya Lori la Ukoo

Asubuhi Masele aliwasha lori, na nyumba nzima ikaanza kukohoa.

Moshi mweupe ulijaa uani. Kuku walikimbia. Nyamizi, mke wa Masele, aliacha ufagio akaenda kuanua nguo kwenye kamba.

"Baba Winnie, zima basi. Tunakufa huku."

"Nikizima haliwaki tena. Acha lipate moto."

Halikupata moto. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake, ila Masele alikuwa bado hajajua.

Hapa kijijini Sola lori lile halikuwa la Masele peke yake. Marehemu baba yake na baba zake wakubwa walitoa ng'ombe katika zizi la ukoo, wakauza, wakalinunua likiwa tayari limezeeka. Ndiyo maana wazee wale huuliza habari zake kama wanavyouliza habari za mifugo. Limelala wapi? Linakula vizuri? Mbona linakohoa? Usiwacheke. Ng'ombe wao wamo mle.

Msimu uliopita lori lilichemka. Fundi mmoja wa kijijini alifungua injini akakuta themostati imekwama. Themostati ni kidude kidogo cha chuma chenye springi. Kinakaa pale maji ya injini yanapotokea kwenda kupozwa kwenye rejeta. Fundi alikitoa akakitupa vichakani.

"Hiki ni cha nchi za baridi," alisema. "Kwa jua hili la kwetu, cha nini?"

Masele akakubali. Madereva wengi hukubali, na mimi roho huniuma nikisikia, maana injini nzuri zinakufa hivihivi.

Tangu hapo lori likawa na vituko. Likienda tupu, mshale wa joto haupandi. Linatoa moshi na kunywa dizeli kama halina akili. Likipakia pamba na kupanda kilima, mshale unakimbilia kwenye alama nyekundu. Lilishasimama njiani na pamba ya watu, na Masele akaona aibu kubwa.

Moshi ulipopungua, Baba Mkubwa Mhoja aliingia uani. Yeye ndiye mzee wa ukoo.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Nyamizi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba." Nyamizi alipiga goti, kisha akamletea kiti.

Mzee hakukaa. "Jumamosi anakuja mtu wa kununua vyuma chakavu. Tumwuzie lori lingali linatembea. Injini ikifa tutabaki na bodi tu, na ng'ombe ndio wamekwenda."

Masele alimsogelea. Udereva ndiyo kazi aliyoipenda. "Baba Mkubwa, naomba safari moja tu. Pamba ya chama cha ushirika bado iko ghalani."

"Moja. Na mimi nitapanda nione."

Siku hiyohiyo Masele na Nyamizi walikwenda Bariadi na lori tupu. Nyanjige, aliyekua kijiji kimoja na Nyamizi, ana duka la vipuri pale mjini. Ni mama mcheshi, lakini kwenye kazi hana mchezo.

"Nipe themostati ya lori," Masele alisema. Alikwisha kupima mdomo wa bomba kwa kamba. Akachagua moja mezani, akailinganisha na kamba yake. "Hii inaingia. Ndiyo yenyewe."

"Shemeji, kwani mke ulimchagua kwa kuangalia kama anapita mlangoni?" Nyanjige aliuliza.

Nyamizi alicheka mpaka akashika meza.

"Kuingia ni jambo la kwanza tu," Nyanjige aliendelea. "Ya zamani iko wapi tulinganishe?"

"Fundi alitupa."

"Haya. Basi nenda ukasome namba ya injini. Si namba ya gari, ya injini. Malori haya ya zamani mengi yalishabadilishwa injini."

Masele alifuta vumbi na oili kwenye injini, akapiga picha namba. Nyanjige aliitafuta kwenye simu yake, kisha akaweka themostati mbili mezani. Upana ulikuwa sawa. Lakini moja ilikuwa na kisahani kidogo chini ya springi, na nyingine haikuwa nacho.

"Injini yako ina njia mbili za maji," alisema. "Njia kubwa inakwenda kwenye rejeta kupoa. Njia fupi inarudi moja kwa moja kwenye injini. Injini ikiwa baridi, themostati inafunga njia kubwa ili injini ipate joto haraka. Ikipata moto, inafungua njia kubwa, na kisahani hiki kinaziba njia fupi."

"Na kama haipo kabisa?" Nyamizi aliuliza.

"Zote mbili ziko wazi. Likiwa tupu, rejeta inapoza maji muda wote, injini haipati joto. Likibeba mzigo, maji mengi ya moto yanapita njia fupi na kurudi yalivyo. Linachemka."

"Kumbe ni kama zizi," Nyamizi alisema. "Umefungua mlango mkubwa, lakini uwazi wa nyuma hukuziba. Ng'ombe wanapita huko."

"Umeelewa kuliko bwana wako."

Masele alijikuna kichwa. "Basi nipe yenye kisahani. Ila nipe yenye namba ndogo, ifungue mapema. Huku joto."

"Namba hii ni nyuzi za joto inapoanza kufunguka. Injini yako inataka themanini na mbili. Waliotengeneza injini ndio wamesema, si mimi. Dizeli haiungui vizuri kwenye injini iliyopoa. Moshi ule unatoka huko, na oili inageuka tope."

Kisha aliwapeleka kwa mama muuza chai wa jirani, akaomba sufuria na maji. Aliining'iniza themostati kwa uzi ndani ya maji, pamoja na kipimajoto. Maji yalikuwa ya baridi, nayo ilikuwa imefunga. Maji yakapata moto. Kipimajoto kilipofika themanini na mbili, themostati ikaanza kufunguka taratibu. Maji yalipochemka ilikuwa wazi kabisa. Akaitoa, ikapoa, ikajifunga.

"Ipime hivi kabla ya kuifunga kwenye injini, hata kama ni mpya," Nyanjige alisema.

Fundi wa jirani na duka aliifunga, upande wa springi ukiangalia injini na kitundu cha hewa kikiwa juu. Aliweka gasketi mpya ili maji yasivuje. Akajaza kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, badala ya maji ya kisima yenye chumvi. Aliacha injini iungurume mpaka hewa ikaisha ndani ya njia za maji. "Na mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto," alionya. "Utaungua uso."

Siku iliyofuata walipakia pamba mpaka juu. Mhoja alikaa mbele kati ya Masele na Nyamizi, macho kwenye mshale. Mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia. Kilima kilikuja. Masele aliweka gia ndogo. Injini ilinguruma. Mshale ulisogea kidogo, ukarudi katikati, ukabaki hapo mpaka wakafika juu.

Walishusha pamba kiwandani Bariadi. Mhoja alitoa simu, akampigia mdogo wake.

"Mwambie yule wa vyuma Jumamosi asije," alisema. "Hatuuzi."

Masele aliinamia usukani akalia, naye Mhoja akamwekea mkono begani.