Damu Ninayoijua

Kwa siku ya tatu mfululizo, mashine ilisema watoto wote waliopimwa mjini Jakmel ni salama.

Yvrose, mpimaji mkuu wa maabara, hakufurahi hata chembe. Kila asubuhi huweka kati ya sampuli za watoto kichupa kimoja cha damu inayojulikana kuwa na virusi vya Ukimwi, cha kuipima mashine yenyewe. Nacho kilitoka safi. Asiyeijua kazi angepiga vigelegele. Yeye aliipima upya.

"Labda dawa za kupimia zimeharibika," alisema Antenò, mwenzake, mtu wa mizaha.

"Nimefungua boksi jipya, kaka. Mara mbili."

Kisha ikaja harufu ya manyoya yaliyoungua, kutoka chumba cha baridi. Mizaha ikamwisha Antenò.

"Dada, Jumatatu nilikusikia ukimkaribisha mtu humo."

Yvrose akakumbuka. Sauti ilisema "Heshima!" kama mgeni yeyote anavyobisha kwetu, naye, mtoto aliyelelewa akaleleka, akajibu bila kufikiri, "Taadhima!" Chumbani hamkuwa na mtu.

"Umelikaribisha zimwi mwenyewe," Antenò alinong'ona. "Sasa litatokaje?"

Nje, kwenye benchi, Dieula alikuwa amempakata Woodley, mwanawe wa wiki sita, aliyekataa ziwa tangu jana. Mtoto mchanga hapimwi kingamwili, kinga ambazo mwili huunda dhidi ya kirusi, maana huwa anazo za mama yake mwenye virusi. Hutafutwa kirusi chenyewe ndani ya seli za damu. Karatasi ikisema hana, hapewi dawa. Na kama anacho na hapewi dawa, huenda mwaka asiumalize.

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mashine ya kuzungushia damu, ambayo waya wake ulikuwa umechomolewa na kuviringishwa juu ya meza, ikaanza kuzunguka, polepole kwanza, kisha kwa kasi, vichupa vikilia ndani yake, na harufu ile ikajaa hadi machozi yakawatoka, na katikati ya mvumo huo sauti ikasema kwa upole, kama mtu anayebembeleza mtoto:

"Waache. Akina mama wanacheka, mnataka nini tena? Nami nakula polepole tu. Au nikiamshe kilicholala damuni mwako, Yvrose? Miaka kumi na miwili umekificha."

Antenò akamgeukia. Hakuwa akijua.

Yvrose aliogopa, wala tusimsingizie ushujaa. Lakini hasira ilikuja nyuma ya woga na kuupita.

"Kumbe unanijua! Hicho unachonitishia nakimezea kidonge kila asubuhi na kahawa yangu. Wewe ni mpangaji wa pili, tena mwenye kelele. Antenò, nifunge mpira mkononi, unitoe damu."

"Dada, umemeza dawa miaka yote hiyo. Majimaji ya damu yako hayatakuwa na kitu."

"Ndiyo maana nataka seli. Humo ndimo kilimojificha. Zimwi hili nguvu zake ni siri zetu: linaweza kufunika kinachofichwa tu, na mimi sifichi tena."

Akafungua mlango wa nje, pamba ikiwa bado mkononi.

"Jamani! Mimi Yvrose Bazelais nina virusi vya Ukimwi. Damu yangu inaingia mashineni pamoja na ya watoto wenu. Yangu isiposomeka, hakuna atakayepewa karatasi leo!"

Ndani, kitu kilipiga ukuta wa chumba cha baridi, kikapiga tena, kikalia kama mbuzi, na kwa saa moja na nusu Yvrose alikaa mbele ya skrini ya mashine ya kupimia bila kugeuza shingo.

Mstari wa damu yake ukapanda kwenye skrini: kirusi kimeonekana. Akaugonga kwa kidole. "Huyo!"

Mlango wa chumba cha baridi ukafunguka wenyewe, upepo wenye uvundo ukawapita, ukatoka uani. Kisha mstari wa pili ukapanda. Wa Woodley.

Dieula alipoambiwa alipiga yowe. "Nyie si ndio mliokuwa mkisema watoto wote wazima?"

"Tulidanganywa, mdogo wangu. Lia. Ukimaliza, mshike kichwa tumpe dawa."

Muuguzi akaleta dawa ya maji. Woodley akaitema yote kwenye koti la Yvrose, akapiga kelele za hasira.

"Ndivyo hivyo, baba, gomba," Yvrose alisema, akamwambia muuguzi apime dozi nyingine.